KURA INAYOONEKANA HUNUNULIKA: Somo kutoka 1888 na 1988

Somo la kikundi. Muda: saa moja na nusu.
Masomo ya Biblia: Mwanzo 25:29–34; Kutoka 18:13–23; 1 Samweli 12:1–5.

Shabaha ya somo: Tukimaliza, kila mmoja aweze kueleza kwa nini kura ni ya siri, na kikundi chetu kiweze kufanya uchaguzi wa siri hata kama hatuna pesa ya kuchapisha karatasi.

1. TUANZE NYUMBANI



Wale wetu wenye mvi tunakumbuka Februari 1988. Kutoka Runyenjes mpaka Maua, wanachama wa KANU walitoka nyumbani asubuhi wakaenda kwa viwanja vya shule na vya baraza. Huko walipanga mstari nyuma ya wakala au picha ya mtu wanayemtaka awe mbunge. Afisa akapita akihesabu vichwa, akatangaza. Hiyo ndiyo kura ya mlolongo.

Mgombea aliyepata asilimia 70 au zaidi kwa mstari alihesabiwa amepita bila kupingwa. Hakukuwa tena na uchaguzi katika sehemu yake. Waliokosa kufika hapo walingojea kura ya siri mwezi wa Machi. Na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja tu, mtu asiye na kadi ya KANU hakuwa na mstari wa kusimama.

Tusisahau kwamba mlolongo haukuwa desturi yetu ya tangu zamani. Kenya ilichagua wabunge kwa kura ya siri mwaka 1963, 1969, 1974, 1979 na 1983. Kwa hivyo 1988 tulirudi nyuma.

Waliotuletea mlolongo walikuwa na sababu zao, na ni haki tuzisikie. Walisema mstari ni rahisi, hauna gharama, na hakuna mtu wa kujaza sanduku usiku kwa sababu kila mtu anaona kwa macho yake. Maneno matamu kweli. Basi nini kilienda vibaya?

Jambo la kwanza ni hofu. Chifu anaona umesimama wapi. Mwajiri wako anaona. Mwenye duka anayekukopesha unga anaona. Hata shemeji yako anaona. Mtu anaondoka nyumbani na jina moja moyoni, akifika uwanjani anajikuta nyuma ya picha nyingine.

La pili ni kwamba mstari ukivunjika hauwezi kuhesabiwa tena. Karatasi inakaa ndani ya sanduku, na hakimu akitaka inahesabiwa mara ya pili. Lakini watu wakishaenda nyumbani kukamua ng'ombe, utawaita wapi? Ndiyo maana sehemu nyingi za Kenya wananchi walilalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa mshindi, na mrefu ukaambiwa umeshindwa. Hakukuwa na kitu cha kuonyesha kortini.

La tatu ni pesa, na hilo ndilo tunalotaka kulichimba leo. Ili tulione vizuri, tutatoka kidogo hapa mlimani twende Marekani, miaka 100 kamili kabla ya mlolongo wetu. Wengine wetu hupenda kusema ati ufisadi ni ugonjwa wa Mwafrika. Hebu tuone.

2. RAIS AMBAYE WENGI HAWAMJUI

Ukimwuliza mtoto wa shule amtaje rais wa Marekani wa zamani, atakutajia Washington au Lincoln. Benjamin Harrison hatamtaja. Hata Wamarekani wengi hawamkumbuki. Alikuwa rais wa 23, akatawala kuanzia 1889 hadi 1893. Babu yake, William Henry Harrison, pia alikuwa rais, lakini alikufa mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa mwaka 1841.

Benjamin Harrison alikuwa wakili na mzee wa kanisa la Presbiteri mjini Indianapolis, katika jimbo la Indiana. Watu walimjua kama mtu mwaminifu. Hadithi hii si ya mwizi mmoja mkubwa. Ni hadithi ya mtu mwema aliyebebwa na chama chenye mikono michafu.

Wakati huo serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha zake, zikiwa na majina ya watu wake peke yake, na mara nyingi kwa rangi yake. Mpiga kura alichukua karatasi kutoka kwa mtu wa chama, akatembea nayo mbele ya watu wote mpaka kwa sanduku. Umeona? Hawakupanga mstari kama sisi, lakini siri haikuwako. Kila aliyesimama hapo alijua umechagua nani.

Indiana lilikuwa jimbo ambalo vyama viwili vikubwa vilikaribiana sana, kwa hivyo kila kura ilikuwa na bei. Mweka hazina wa kamati kuu ya chama cha Republican, William Dudley, aliandika barua tarehe 24 Oktoba 1888 kwa viongozi wa chama katika Indiana. Aliwaagiza wawagawe wapiga kura wa kununuliwa katika makundi ya watano watano. Kila kundi lipewe mtu mmoja wa kuaminika, mwenye pesa mkononi, awachunge wasitoroke mpaka wapige kura ya chama. Barua hiyo ilinaswa na mfanyakazi wa posta kwenye gari la moshi, na siku chache kabla ya uchaguzi gazeti la chama cha upinzani likaichapa. Wapinzani nao hawakuwa malaika. Kununua kura kulikuwa mchezo wa pande zote mbili.

Harrison alishinda Indiana kwa kura 2,300 hivi, kati ya kura zaidi ya laki tano. Katika nchi nzima mpinzani wake, Grover Cleveland, alipata kura nyingi kumshinda, tofauti ikiwa karibu 90,000. Lakini huko rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na kwa wajumbe Harrison alipata 233 dhidi ya 168. Hata Indiana ingeenda upande wa pili, bado angekuwa rais. Kwa hivyo hatuwezi kusema kura za kununuliwa za Indiana ndizo zilimpa kiti. Tunachoweza kusema ni kwamba zilimchafulia ushindi wake.

Husimuliwa kwamba Harrison alimshukuru Mungu kwa ushindi huo mbele ya mwenyekiti wa chama chake, Matthew Quay. Baadaye Quay akanung'unika kwa watu wengine kwamba mzee huyu hatajua kamwe ni watu wangapi walikaribia mlango wa jela ili yeye awe rais. Hebu tufikirie neno hilo, hasa sisi ambao kila mara baada ya uchaguzi huita wachungaji waje kwa ibada ya shukrani. Tunamshukuru Mungu kwa kitu gani? Kwa kile alichotoa Yeye, au kwa kile kilichotoka kwa bahasha?

Na Dudley? Hakufungwa. Hakupatikana na hatia yoyote.

3. DAWA ILIKUWA NINI?

Watu wa Indiana wangengoja Dudley afungwe, wangengoja milele. Walifanya jambo lingine. Mwaka 1889 jimbo lao lilipitisha sheria ya kura ya siri.

Njia hiyo ilikuwa imeanza Australia mwaka 1856, na Uingereza ikaichukua 1872. Katika Marekani jimbo la Massachusetts lilikuwa la kwanza kuipitisha kwa jimbo zima, mwaka ule ule wa 1888. Kufika uchaguzi wa 1892 majimbo mengi yalikuwa nayo. Serikali inachapisha karatasi moja yenye majina ya wagombea wote. Mpiga kura anaingia peke yake mahali palipofunikwa, anatia alama, anakunja, anatia ndani ya sanduku.

Kwa nini hilo linamwumiza mnunuzi? Angalieni biashara yoyote ya hapa kwetu. Ukinunua gunia la viazi unalifungua uone kama chini hakuna yaliyooza. Ukinunua ng'ombe unamwangalia meno. Hakuna mtu anayetoa pesa kwa kitu ambacho hatakiona. Kura ya siri ni gunia ambalo mnunuzi haruhusiwi kulifungua. Amekupa pesa, umeingia peke yako, umetoka. Ulifanya nini ndani? Hajui. Atakuuliza, utamjibu unavyotaka, na bado hajui.

Kura ya siri haikufanya watu wa Indiana kuwa watakatifu. Iliharibu tu soko. Na soko likiharibika, hata mwenye tamaa anapunguza pesa.

Lakini tuseme ukweli wote. Dawa hiyo ilikuwa na sumu yake. Karatasi yenye majina matupu ilimfungia nje asiyejua kusoma. Kusini mwa Marekani watawala waliitumia hiyo kuwanyima kura watu weusi, ambao wengi wao, au wazazi wao, walikuwa watumwa walionyimwa shule. Kwa hivyo usiri peke yake hautoshi. Lazima kila mtu aweze kuutumia, na hata nyanya asiyejua herufi moja. Hapa Kenya tulisaidiwa na alama, kama jogoo wa KANU, simba wa Ford-Kenya na taa ya DP katika uchaguzi wa 1992.

4. SAUTI ZA HAPA MLIMANI

Wakati wa mlolongo hatukunyamaza sote. Mwaka 1986 wachungaji zaidi ya elfu moja wa baraza la makanisa, NCCK, walikutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta wakasema kwamba mchungaji hawezi kupanga mstari. Mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja, wale washirika waliosimama kwa mstari mwingine watakuja kwake vipi kwa maombi?

Askofu David Gitari alikuwa kiongozi wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki ya Kanisa la Anglikana, iliyojumlisha Embu, Meru na Kirinyaga. Alihubiri wazi juu ya wizi wa kura na unyakuzi wa ardhi. Alifungua Biblia na kueleza habari za Danieli na za shamba la Nabothi, na kila aliyekuwa na masikio alielewa. Mwezi wa Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku huko Kirinyaga. Aliokoka kwa kupanda juu ya paa na kupiga kelele mpaka majirani wakaja. Baadaye, kuanzia 1997 hadi 2002, alikuwa Askofu Mkuu wa kanisa lake. Alifariki mwaka 2013.

Mwana wa Meru, wakili Gitobu Imanyara, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya yale aliyochapa katika jarida lake la Nairobi Law Monthly. Na Desemba 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama huko Murang'a, ambao pia ulifanywa kwa mlolongo.

Mwaka 1990 kamati ya KANU chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchi kusikiza wananchi, na wananchi walisema bila kuficha. Desemba mwaka huo mkutano wa chama ulikubali kuuacha mlolongo na ile asilimia 70. Desemba 1991 katiba ikabadilishwa ili vyama vingi viruhusiwe. Desemba 1992 tukapiga kura ya siri.

Je, pesa iliisha? La. Mwaka huo wa 1992 pesa zilimwagwa mpaka wananchi wakaita noti ya shilingi 500 "Jirongo", jina la mwenyekiti wa kikundi cha YK'92 kilichompigia Rais Moi kampeni. Bei za vitu zikapanda, na sote tukalipa madukani. Lakini kulikuwa na tofauti na mlolongo. Mwenye kupokea Jirongo aliweza kuingia ndani na kuchagua alivyotaka, na wengi walifanya hivyo.

5. MLOLONGO WA MFUKONI

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 38, inampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura kwa siri. Kifungu cha 81 kinataka uchaguzi usiwe na vitisho wala ufisadi. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inasema kutoa hongo ya kura ni kosa, na kuipokea ni kosa vilevile.

Lakini wanunuzi si wajinga. Wakiona gunia limefungwa, wanatafuta tundu. Igizeni mchezo huu mfupi katika kikundi, watu wawili wasimame:

WAKALA: Habari ya shamba, mama?
MAMA: Ni nzuri, kijana wangu. Karibu.
WAKALA: Mama, mheshimiwa amekukumbuka. Hii ni ya sukari.
MAMA: Na yeye anataka nini?
WAKALA: Kura tu. Lakini ukiwa ndani, toa simu upige picha ya karatasi. Ukinionyesha picha, nakuongezea nyingine.
MAMA: Kumbe hii ya kwanza ilikuwa ya kunionjesha?
WAKALA: Si ubaya, mama. Ni ya kuthibitisha.
MAMA: Kijana wangu, ukinisindikiza mpaka ndani ya kile kijumba, tofauti yake na mlolongo ni gani?

Mama huyo ameona mbali. Picha ya simu ni mlolongo uliotiwa mfukoni. Anayekusanya vitambulisho vya watu mpaka uchaguzi upite, anayewaapisha, anayemwambia mtu ajifanye hajui kusoma ili "asaidiwe" mbele ya mawakala, wote wanatafuta kitu kimoja, yaani kuiona kura yako. Ukikataa ionekane, umemkata mguu.

Ndugu zangu, msiseme, "Nitakula yake, kisha nichague wangu." Twajua wengi wanasema hivyo. Lakini fikirini habari za Esau. Alikuwa na njaa kweli, hatukatai. Chakula kilikuwa kitamu kweli. Lakini alipomaliza kula alikuwa amepoteza kitu ambacho hakingerudi. Pesa ya mheshimiwa inaisha jioni moja, na yeye ana miaka mitano ya kujilipa. Anajilipa kwa barabara isiyopitika na dawa zisizofika zahanati.

6. TUANZE NA KIKUNDI CHETU

Ni rahisi kunyoshea Nairobi kidole. Lakini sisi wenyewe tunachaguaje kamati ya maji? Kamati ya chama cha kahawa? Wazee wa kanisa? Mara nyingi ni kwa kuinua mikono au kupanga mstari. Mwenyekiti anaangalia nani ameinua mkono na nani amekunja. Mwezi ujao mambomba yanapitishwa kwa nani? Mwajua wenyewe.

Kikundi kinaweza kufanya kura ya siri bila gharama:

(a) Tafuteni mikebe inayofanana, mmoja kwa kila mgombea. Toboeni tundu juu na tieni kitambaa ndani, kura ikianguka isisikike.
(b) Kila mgombea achague alama, kwa mfano jembe, kikombe au mti. Ichorwe kwa mkebe wake, ili na asiyejua kusoma achague mwenyewe.
(c) Wekeni mikebe nyuma ya blanketi au ndani ya chumba. Kabla ya kuanza, onyesheni watu wote kwamba ni mitupu.
(d) Mpeni kila mwanachama aliye kwa daftari kifuniko kimoja cha soda kilichopakwa rangi ambayo wengine hawana. Maharagwe si mazuri, mtu anaweza kuleta mengine kutoka nyumbani.
(e) Aingie mmoja mmoja, bila simu, mkono ukiwa umefungwa. Akitoka, mwingine aingie.
(f) Hesabuni mbele ya watu wote, pale pale. Vifuniko visizidi watu waliopiga kura. Andikeni hesabu, wagombea watie sahihi.

Angalieni vizuri mambo haya mawili. Kupiga kura ni kwa siri, lakini kuhesabu ni kwa wazi. Mlolongo ulifanya kinyume, kwa kuwa mpiga kura alionekana na hesabu ikapotea. Ndiyo sababu pia kuanzia uchaguzi wa 2002 kura za nchi zinahesabiwa katika kila kituo, kabla masanduku hayajasafiri.

7. MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa wazee wetu: mnakumbuka nini juu ya 1988? Vijana wasikize bila kukatiza.
2. Yethro alimwambia Musa atafute viongozi wa aina gani? Je, katika kikundi chetu tungewatambua?
3. Samweli aliwauliza watu kama aliwahi kuchukua ng'ombe au hongo ya mtu. Kiongozi gani hapa kwetu anaweza kusimama akauliza swali hilo?
4. Harrison hakuandika barua ile, lakini alikalia kiti. Mtu mwema afanye nini akijua wafuasi wake wanamnunulia kura?
5. Njaa ni ya kweli. Tutamsaidiaje jirani asiye na unga wiki ya uchaguzi, ili asiuze?

8. KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kichague mweka hazina au katibu kwa njia ya mikebe. Mtuandikie mlivyofanya, na shida mlizopata. Mkiona njia bora kuliko yetu, mtufundishe na sisi.

Tuombe: Mungu wetu, wewe unaona sirini. Tupe ujasiri wa kuchagua vizuri mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayetuona. Amina.